Falsafa na unga: swali la mpwa wangu na historia ya Nyanza Kusini

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu, mniwie radhi. Mlioniandikia kuuliza kama sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata itatoka, jibu ni ndiyo, itatoka, lakini si leo. Leo naomba tuiweke kompyuta kando kidogo. Tutairudia kabla hatujamaliza, maana mimi na kompyuta hatuachani kwa muda mrefu.

Nilikuwa nyumbani, karibu na Rongo, kaunti ya Migori. Dada yangu mkubwa aliniita. Mwanawe wa pili amepata nafasi chuo kikuu, na sote tulifurahi mpaka simu ikazunguka mkono kwa mkono, kila mtu akasoma mwenyewe: Shahada ya Sanaa, Falsafa. Kijana aliijaza fomu akaweka sheria kwanza, uchumi pili, falsafa mwisho kabisa. Mfumo ukampa ile ya mwisho.

Dada yangu hakukasirika. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Ndugu yangu, wewe ndiye umesoma hapa. Mtu akimaliza falsafa, anaandikwa wapi?"

Mnielewe vizuri. Hili halikuwa swali la kupiga soga. Ili kulipa ada, dada yangu amepanga kukodisha shamba lake la miwa kwa misimu miwili. Akishalikodisha, kwa misimu hiyo miwili shamba si lake. Na nyuma ya kijana huyu kuna wasichana wawili wanaosubiri zamu yao.

Kabla sijajibu, nyanya yetu aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni akaongeza lake: "Daktari huitwa mtu akiugua. Wa mifugo huitwa ng'ombe akilala. Huyo wa falsafa huitwa lini?"

Nikajibu haraka, kama kawaida yetu sisi watu wa programu. Nikasema, "Ahame. Dirisha la kuhama bado liko wazi. Asome kompyuta." Kijana akaniangalia akasema, "Sawa, mjomba," na akainuka kwenda kufunga ng'ombe.

Ndani ya matatu ya kurudi Nairobi nilianza kusutwa na moyo. Nilikuwa nimejibu bila kufikiri, tena swali kuhusu elimu ya kufikiri. Basi nimetumia majuma haya kulichimba kidogo. Nimegundua kwamba swali la dada na swali la nyanya ni maswali mawili tofauti, na historia ya upande wetu inayajibu kwa njia mbili tofauti. Haya basi, twende pole pole.

Kabla ya shahada

Kwa wasomaji wasiotoka kwetu: kaunti za Migori na Homa Bay zamani zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, makao makuu yakiwa mji wa Homa Bay. Migori ilijitenga kuwa wilaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha zote mbili zikawa kaunti zenye serikali zao mwaka 2013.

Kabla ya vyeti, Waluo walikuwa na jina la mtu wa shughuli hii. Walimwita jang'ad rieko, kwa maana ya anayekata shauri, mtoa hekima. Lipo pia japaro, mtu wa kufikiri. Huyu aliitwa mpaka wa shamba ulipozozaniwa, ndoa ilipotikisika, au ndugu walipogombania urithi. Kwa hiyo swali la nyanya lilikuwa na jibu zamani zile: aliitwa mambo yalipofungamana. Ila swali la dada halikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyemwandika popote. Alilima kama wengine, alifuga kama wengine, na hekima yake ilikuwa juu ya hapo. Hebu lishikeni jambo hilo, tutalirudia.

Mfano wa baadaye ni Paul Mboya wa Karachuonyo, upande wa Kendu Bay. Mwaka 1938 kilichapishwa kitabu chake kwa Dholuo, Luo Kitgi gi Timbegi, kuhusu desturi na matendo ya Waluo. Hadi leo watu wakibishana juu ya mila kwenye matanga, kitabu hicho hutajwa. Lakini Mboya hakula kwa kitabu. Alikuwa chifu. Kazi ya serikali ilimlisha, na kazi ya kufikiri ikamfanya akumbukwe.

Wamisionari na kazi iliyokuja pamoja na shule

Mwaka 1906 Waadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye wakawa na kiwanda cha uchapaji palepale Gendia, na shule kule Kamagambo karibu na Rongo. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill nao wakajenga Asumbi, ambako pamekua shule na chuo cha walimu.

Angalieni jinsi shule zile zilivyofanya kazi. Aliyejua kusoma aliandikwa na haohao waliomfundisha. Alikuwa mwalimu wa dini, mwalimu wa shule, mpiga chapa, karani. Elimu na mwajiri vilikuwa chini ya paa moja. Hakuna mzazi aliyeuliza "ataandikwa wapi", kwa sababu jibu lilikuwa limesimama pale mlangoni limevaa kanzu.

Falsafa yenyewe, kama somo lenye jina hilo, iliingia kwetu kupitia mlango huohuo. Kanisa Katoliki humtaka anayeelekea upadre asome falsafa kabla ya teolojia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema miaka 6 ya masomo, na 2 kati ya hiyo ni ya falsafa. Vijana wetu wa Nyanza Kusini walioingia seminari kuu walisoma Aristotle na Thomas Akwino miaka mingi kabla ya chuo kikuu chochote kusogea karibu nasi. Jimbo la Homa Bay lilipoundwa mwaka 1993, likimegwa kutoka jimbo la Kisii, kwetu tayari kulikuwa na watu waliosoma falsafa na wakaandikwa: mapadre. Hata aliyetoka seminari njiani alipata mahali, maana shule zilikuwa na njaa ya walimu.

Basi kumbe swali la dada lilikuwa na jibu zuri sana wakati huo. Ila tusijidanganye. Jibu halikutoka kwenye falsafa. Lilitoka kwa mwajiri aliyekuwa anasubiri mwisho wa njia.

Serikali ilipokuwa na njaa ya wasomi

Baada ya uhuru mwaka 1963 mwajiri mwingine alikuja, mkubwa kuliko Kanisa. Wazungu waliondoka maofisini na viti vilikuwa vitupu. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameliona hilo mapema. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wake ilipeleka wanafunzi 81 Marekani, na mamia wakafuata. Waliporudi, hakuna aliyewauliza sana walisoma nini. Historia, fasihi, uchumi, vyote vilikuwa shahada, na shahada ilikuwa kiti.

Wakati huohuo ng'ambo ya Ghuba ya Winam, huko Ugenya upande wa Siaya, alikuwepo kijana anayeitwa Henry Odera Oruka, aliyezaliwa mwaka 1944. Nawavusha ghuba kwa sababu huyu ndiye mwanafalsafa aliyejulikana kuliko wote Kenya, na kisa chake kinamhusu mpwa wangu moja kwa moja. Oruka alikwenda Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden kusoma sayansi, ikiwemo elimu ya hali ya hewa. Fikirieni: Mkenya wa miaka ya 1960, nchi changa, anasoma kutabiri mvua! Kazi ilikuwa inamsubiri. Naye akahamia falsafa. Alisoma pia Marekani, mjini Detroit, akarudi mwaka 1970 kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hebu mnisaidie kuona kichekesho hapa. Mimi nilimwambia mpwa wangu aache falsafa aende kwenye sayansi. Oruka aliacha sayansi akaenda kwenye falsafa, na akaandikwa. Je, alikuwa mwerevu kutuzidi? Alikuwa mwerevu, ndiyo. Lakini pia alirudi wakati nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, kikiwa ndiyo kwanza kimejitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kikitafuta walimu Waafrika. Wakati ulimbeba.

Alichofanya na nafasi hiyo ndicho cha kusifiwa. Wanafalsafa wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika asiyejua kuandika hana falsafa, ana mila tu. Oruka akachukua kinasa sauti akaenda vijijini kwa wazee. Hakuwauliza tu "mila inasema nini?" Aliwauliza, "Wewe binafsi unaonaje? Kwa nini? Na mtu akikupinga hivi, utamjibu nini?" Miongoni mwa wazee hao alikuwemo baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Akawagawa wenye hekima katika makundi mawili: wanaojua mila na kuirudia vizuri, na wanaoweza kuipima na hata kuikosoa. Kitabu chake juu ya falsafa hiyo ya wahenga kilitoka mwaka 1990.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nilicheka peke yangu. Hiyo ndiyo kazi ninayofanya kabla ya kuandika programu yoyote! Unakwenda kwa mwenye duka la dawa, au karani wa chama cha akiba na mikopo, unamuuliza anafanyaje kazi yake. Anakujibu, "Ndivyo tunavyofanya siku zote." Usipouliza "kwa nini" mara tatu nne, utajenga programu inayorudia makosa ya daftari la zamani, kwa kasi zaidi.

Siku falsafa ilipoitwa mahakamani

Sasa turudi kwa nyanya: huyo wa falsafa huitwa lini?

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika kwao Matasia karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na nchi nzima ikaifuata magazetini. Wenye umri mtakumbuka. Kule Homa Bay na Migori haikuwa habari ya Siaya peke yake. Kila boma la Waluo lilijua kwamba uamuzi ule ungeligusa.

Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi alikuwa Profesa Odera Oruka. Aliitwa kueleza mila na imani za Waluo juu ya kifo na maziko, na akahojiwa na mawakili. Hakuitwa kupima damu wala kukagua hesabu. Aliitwa kwa sababu mambo yalikuwa yamefungamana: mtu aliyesoma na kuishi mjini ni mali ya nani, ya mke au ya ukoo? Mila humfunga mtu mpaka wapi? Ukoo ulishinda, na Otieno alizikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Mpaka leo watu hawakubaliani kama hukumu ile ilikuwa ya haki kwa mjane, na mimi ni mmoja wa wanaodhani alionewa. Lakini hilo si hoja yetu leo. Hoja ni kwamba jang'ad rieko aliitwa, safari hii akiwa amevaa suti.

Na kumbukeni, alipotoka kizimbani alirudi kwenye mshahara wa chuo kikuu. Mahakama ilimwita, haikumwandika. Oruka alifariki Nairobi mwaka 1995, aligongwa na gari.

Mlango ulipofungwa

Kilichotokea baadaye ndicho kilichomfikisha dada yangu kwenye wasiwasi wake. Chuo Kikuu cha Moi kilianza mwaka 1984, Kenyatta kikafuata 1985, Maseno kikawa chuo kishiriki mwaka 1990. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na wahitimu wakaongezeka maradufu. Hilo ni jambo jema. Leo Rongo kwenyewe kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016, na Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya.

Lakini wakati wahitimu wanaongezeka, mwajiri mkuu alikuwa anajifunga mkanda. Miaka ya 1990 serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, ilipunguza wafanyakazi wake. Mwaka 1998 ikaacha kuwaandika walimu moja kwa moja baada ya masomo, na tangu hapo mwalimu husubiri nafasi itangazwe. Kwa falsafa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Falsafa haifundishwi katika sekondari zetu. Somo lililokaribiana nalo, lile la elimu ya jamii na maadili lililokuja na 8-4-4, liliondolewa kwenye mtaala mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mlango mwembamba uliokuwepo ukafungwa nao.

Hapo ndipo ule mzaha ulipoanza, kwamba aliyesoma falsafa atakaa nyumbani akiwaza kwa nini hana kazi. Ila tazameni kwa haki. Wa sosholojia, wa historia na wa uchumi walikaa nyumbani pia. Hata wa kompyuta ninawajua wengi wanaouza laini za simu, tena wenye alama nzuri kuliko zangu. Falsafa haikupoteza kazi yake. Nchi ndiyo iliyopoteza mwajiri aliyekuwa akichukua kila mwenye shahada bila kuuliza ni ya nini, na falsafa, kwa kuwa jina lake halifanani na kazi yoyote, ikabeba lawama ya wote.

Deni langu mimi

Niliwaahidi kwamba tutarudi kwenye kompyuta. Claude Shannon alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Michigan alichukua somo la falsafa, na humo akakutana na mantiki ya George Boole, iliyoandikwa kitabuni mwaka 1854, miaka mingi kabla ya mtu kuona kompyuta. Mwaka 1937, katika tasnifu yake, Shannon akaonyesha kwamba "kweli" na "si kweli" za Boole zinaweza kujengwa kwa swichi za umeme. Kila ninapoandika sharti la "kama hivi, basi vile", nakula matunda ya darasa lile la falsafa. Alan Turing naye alipouliza mwaka 1950 kama mashine inaweza kufikiri, alichapisha makala yake katika jarida la falsafa. Na Stewart Butterfield, mmoja wa waanzilishi wa Flickr na Slack, shahada zake ni za falsafa.

Msinielewe vibaya. Sisemi mpwa wangu atakuwa Butterfield. Kwa kila mmoja kama huyo kuna maelfu wasiotajwa. Ninasema tu kwamba nilimdharau mjomba wa kazi yangu mwenyewe.

Na humu humu kwenye teknolojia ndimo nyanya angepata jibu lake la leo. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin ili wapate kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Swali pale halikuwa la kifaa, kifaa kilifanya kazi vizuri sana. Swali lilikuwa: mtu mwenye njaa akikubali, amekubali? Sisi wahandisi tulikuwa na kitufe cha "Nakubali" tukadhani tumemaliza kazi.

Nilimpigia dada

Juzi nilimpigia simu dada yangu, nikamwomba msamaha kwa jibu langu la haraka. Kisha nikamwambia ukweli niliouona, bila kuupaka sukari.

Hakuna ofisi Homa Bay wala Migori iliyobandika tangazo "anatakiwa mwanafalsafa". Akienda na falsafa peke yake, atatoka na falsafa peke yake. Njia zipo, lakini kila moja inadai kitu cha pili. Ualimu unadai masomo mawili yanayofundishwa sekondari na mafunzo ya ualimu juu yake. Sheria kama shahada ya pili inadai miaka na ada nyingine. Utafiti wa afya unaofanywa huku kwetu lazima upite kwenye kamati za maadili, na unahitaji watu wa kueleza idhini kwa lugha ambayo mama wa Mbita ataielewa. Hapo atahitaji takwimu. Kaunti kwa mujibu wa sheria lazima zisikilize maoni ya wananchi, na anayejua kusikiliza watu 200 wakibishana kisha akaandika ukurasa mmoja wa haki si wengi tunao. Hapo atahitaji kuandika vizuri. Na programu ninaweza kumfundisha mwenyewe, likizo kwa likizo, kompyuta yangu ya zamani ipo.

Jang'ad rieko alikuwa na jembe. Paul Mboya alikuwa na uchifu. Oruka alikuwa na darasa. Hakuna hata mmoja aliyekula kwa hekima tupu, na hakuna hata mmoja ambaye hekima yake ilipotea bure.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nikodishe shamba au nisikodishe?" Nikamwambia akodishe msimu mmoja, wa pili nitausimamia mimi, kwa sharti kwamba kijana achague kitu cha pili kabla ya kufungua mwaka wa kwanza, na achague mwenyewe. Akasema atamwambia. Kijana naye akachukua simu akaniuliza, "Mjomba, na kama bado nataka kuhama?" Nikamjibu ahame, lakini aniambie kwa nini. Na nitamuuliza mara tatu.

Dirisha linafungwa Ijumaa. Nitawaambia alichoamua. Makala ya hifadhidata ni wiki ijayo, Mungu akipenda.